Jina la Jerry Lewis mlangoni, filamu za wengine ndani

Miaka yote niliyofanya kazi ya kukodisha filamu kwa ajili ya majumba ya sinema, sijaona mfano unaoifundisha biashara hii kuliko Jerry Lewis Cinemas. Mwaka 1969 mchekeshaji huyo wa Marekani alilikopesha jina lake kwa kampuni ya Network Cinema Corporation, iliyouza haki ya kufungua sinema ndogo za mitaani, za viti 200 hadi 350. Mwenye akiba ya dola 10,000 hadi 15,000 aliingia. Kampuni ilimwahidi jina, mitambo na msaada wa kupata filamu, na matangazo yakadai ukumbi mzima unaweza kuendeshwa na watu wawili.

Hilo la watu wawili halikuwa uongo. Zamani filamu ya milimita 35 ilionyeshwa kwa mikanda ya dakika 20 hivi kila mmoja, na mwanga wa projekta ulitoka kwenye vijiti vya kaboni vilivyokuwa vikiungua na kupungua. Fundi hakuthubutu kutoka chumbani. Taa za xenoni zilimwondolea kazi ya vijiti, na mikanda ikaungwa kwenye magurudumu makubwa. Kipande chembamba cha karatasi ya metali kilibandikwa pembeni mwa mkanda. Kikipita mbele ya kihisio, taa za ukumbini zinazima zenyewe. Mimi ni mpenzi wa mitambo hiyo hadi leo.

Shida ilikuwa filamu. Mwenye mgahawa aliyenunua jina huletewa nyama ileile kama wenzake wote. Mwenye sinema anauza bidhaa ambayo hata aliyemuuzia jina hana. Filamu ni za studio, na baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1948 zilitakiwa kukodishwa filamu kwa filamu, ukumbi kwa ukumbi. Kwa hiyo ukubwa wa jina la Lewis haukumpa mwenye ukumbi haki ya kutangulizwa kwenye foleni.

Sasa jiweke kwenye kiti cha msambazaji wa wakati ule, yule anayezikodisha filamu za studio kwa kumbi. Ana filamu moto na mtaa una kumbi mbili: moja ya viti 900, nyingine ya viti 300. Malipo yake ni sehemu ya mauzo ya tiketi, na wiki za kwanza sehemu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Katika mikataba migumu, gharama za ukumbi zikishatolewa, huchukua hata asilimia 90 ya kinachobaki. Atampa nani? Yule mdogo husubiri wiki kadhaa, apate filamu ambayo jirani zake wameshaiona. Na kwa kuwa mwenye ukumbi hutegemea zaidi bisi na soda, viti vitupu vinamuumiza mara mbili.

Juu ya hayo kulikuwa na sharti la kuonyesha filamu za familia tu. Lilipendeza kwenye matangazo, lakini wakati ule Hollywood ilikuwa ikienda kwingine: filamu iliyotikisa mwaka 1972, The Godfather, ilipewa alama ya R, yaani walio chini ya miaka 17 hawaingii bila mzazi au mlezi. Wengine walivunja sharti ili wapate kodi ya pango. Wengi walikuwa wageni kabisa katika kazi hii, na kampuni iliyoahidi kuwashika mkono haikuwa na filamu za kuwapa. Kesi zikafuata, kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1980 Lewis na kampuni hiyo wakatangaza kufilisika.

Ajabu ni kwamba ukumbi mdogo wenyewe ulishinda. Stanley Durwood, mmiliki wa sinema wa Marekani, alikuwa ameshafungua kumbi mbili pamoja kwenye kituo cha maduka huko Kansas City mwaka 1963, kabla ya Lewis. Chumba kimoja cha projekta, kaunta moja ya bisi, saa za kuanza zilizopishana. Filamu ikianza kuchoka, anaihamishia kwenye ukumbi mdogo, na ule mkubwa unapokea mpya Ijumaa.