Visukuku vya planktoni na mageuko ya viumbe

Planktoni ni viumbe wanaoelea majini wakichukuliwa na mikondo. Wengi wao ni wadogo mno. Baadhi hujijengea gamba gumu, na wakifa gamba hilo huzama, likafunikwa na tope na kudumu humo hata mamilioni ya miaka. Magamba hayo ndiyo visukuku vya planktoni. Mengi hayafiki milimita moja, hivyo bila hadubini utaona vumbi tu.

Kaunti ya Nakuru ina mfano unaoshikika mkononi. Ule mwamba mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, ni magamba ya diatomu, yaani mwani wa seli moja ulioishi katika ziwa la kale na kujijengea gamba la silika, madini yanayofanana na kioo. Kipande chake ni chepesi kuliko unavyotarajia, na ukikisugua hubaki unga laini vidoleni. Unga huo wote ni visukuku.

Shida ya ziwa ni kwamba hukauka. Hata Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na ziwa likikauka kumbukumbu yake hukatika. Bahari kuu ni tofauti. Mbali na pwani, tope hutua polepole, mara nyingi sentimita chache tu kwa miaka 1,000, tabaka juu ya tabaka. Tangu 1968, meli ya Glomar Challenger ilipoanza safari zake za utafiti, wanasayansi wamekuwa wakitoboa sakafu ya bahari na kupandisha nguzo ndefu za tope hilo.

Humo wanaotafutwa sana ni foraminifera, viumbe wa seli moja wenye gamba la chokaa lililogawanyika vyumba. Kila anapokua, huongeza chumba kipya. Mtazame mmoja wao, Orbulina universa. Wahenga wake walikuwa na vyumba vya mviringo vilivyojipanga kwa kuzunguka. Katika tabaka za miaka milioni 15 hivi iliyopita, chumba cha mwisho kinaanza kuvikumbatia vya awali, tabaka baada ya tabaka kinazidi kuvifunika, hadi gamba linakuwa tufe kamili. Hatua za kati zote zipo, unaweza kuzipanga mezani kwa mfuatano.

Hapo ndipo ninapoona thamani kuu ya visukuku hivi. Kwetu magharibi mwa Kenya, mageuko yakitajwa tunafikiria kisiwa cha Rusinga, ambako mtafiti wa visukuku Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul (siku hizi Ekembo), la umri wa miaka milioni 18 hivi. Ni hazina kubwa, lakini ni fuvu moja, na kabla ya kupata jingine la kulinganisha nalo kuna pengo refu. Kijiko cha tope la bahari kinaweza kuwa na maelfu ya magamba. Kwa hiyo mtafiti hupima jamii nzima, tabaka kwa tabaka, akajua umbo lilibadilika lini na kwa kasi gani. Mwaka 1983, watafiti Malmgren, Berggren na Lohmann walifanya hivyo kwa Globorotalia, foraminifera wengine, wa Bahari ya Hindi: umbo lilitulia muda mrefu, likabadilika ndani ya miaka 600,000 hivi, kisha likatulia tena. Ukoo haukugawanyika, ulibadilika wote kwa pamoja.

Tena gamba lilelile hubeba habari za tabianchi. Uwiano wa aina za oksijeni ndani ya chokaa huonyesha joto la maji na wingi wa barafu duniani wakati kiumbe kilipoishi, kwa hiyo umbo na mazingira husomwa mahali pamoja. Sijui kisukuku kingine kinachotoa vyote viwili kwa wingi namna hii.

Mipaka ipo. Chini sana, kwenye kina cha kilomita 4 hadi 5 hivi, chokaa huyeyuka na kubaki magamba ya silika tu. Mikondo nayo huweza kufagia tope na kuacha pengo. Kubwa zaidi, gamba si kiumbe chote: vipimo vya DNA vya foraminifera walio hai vimeonyesha kwamba magamba yanayofanana kabisa yanaweza kuwa ya spishi tofauti, kwa hiyo idadi ya spishi inayohesabiwa kwenye tope huenda ni ndogo kuliko iliyokuwepo.