Kisu cha nyama: yanayoaminiwa jikoni na yaliyo kweli

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba kisu kikali ndicho kinachokata vidole. Ziko jikoni ambamo visu vyote vimeachwa butu makusudi, eti kwa usalama wa watu wa nyumbani. Hali halisi ni kinyume chake. Kisu kikali huingia kwenye nyama kwa msukumo mdogo, na mkono unaosukuma kidogo unaweza kusimama wakati wowote. Kisu butu hukulazimisha ukandamize. Nyama ya kuoka ina ganda gumu juu na mafuta yanayoteleza chini yake, kwa hiyo kisu kikikosa kuuma huponyoka, na nguvu yote uliyoitia huishia kwenye mkono ulioshika nyama. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga, na wangeweza kuongeza kwamba ndiye pia anayebaki na vidole vyake.

"Kisu kimoja kikubwa kinamaliza kazi zote"

Kwa vitunguu na mboga, sawa. Kwa pande la nyama iliyoiva, umbo la kisu lina maana kubwa. Kisu cha kukatia vipande ni kirefu na chembamba, bapa lake kati ya sentimita 20 na 30. Urefu unahitajika ili mvuto mmoja upite upande hadi upande, kwa sababu kila unaporudisha kisu mbele na nyuma unaacha ngazi kwenye kipande. Wembamba unasaidia kwa kuwa bapa pana hugusana na nyama zaidi, hunata, na hatimaye huichana.

Kutenganisha nyama na mfupa ni kazi ya kisu kingine, kifupi chenye ncha kali, sentimita 12 hadi 15 hivi. Kupasua mfupa ni kazi ya panga zito la bucha. Anayegonga mfupa kwa kisu chembamba cha kukatia vipande hana haki ya kulalamika makali yakipata mapengo.

"Kisu cha bei kubwa hakihitaji kunolewa"

Hakuna makali yasiyokwisha. Bei ikikuletea chuma kigumu zaidi, makali yatadumu zaidi kabla ya kuchoka, basi. Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: visu vingi vya mtindo wa Ulaya huwa kati ya 54 na 58, na vingi vya Japani hufika 60 na kuzidi. Hapo wanunuzi hudhani namba kubwa ni ubora mtupu. Chuma kigumu hushika makali membamba kwa muda mrefu, lakini hakipindi. Kikikutana na mfupa au kikizungushwa ndani ya kiungo, humeguka. Kwa mtu anayekata mapaja na mbavu, chuma laini kidogo ndicho chenye faida: kikipinda kinanyooshwa.

Yale mawimbi mazuri yanayoonekana ubavuni mwa visu vingine aghalabu ni pambo la tabaka za nje. Kinachokata ni chuma cha katikati. Na mkia wa chuma unaoingia mpinini si lazima ufike mwisho wa mpini; visu vingi bora vya Japani vina mkia uliofichika na hudumu miaka mingi. Ningekuwa na fedha za kugawa, ningenunua kisu cha kawaida na kinoo kizuri kabla ya kufikiria kisu cha kifahari ambacho hakitanolewa.

"Ile fimbo ya chuma inanoa kisu"

Hapa ndipo visu vingi hupotelea. Fimbo ndefu ya chuma inayouzwa pamoja na visu kazi yake hasa ni kunyoosha. Ukingo wa makali ni mwembamba kiasi kwamba matumizi ya kawaida huupindisha upande mmoja. Kisu huonekana butu ilhali chuma bado kipo, kimelala tu. Kukipitisha kwenye fimbo mara chache kila upande, kwa mkono mwepesi, husimamisha ukingo huo. Makali yakishalika kweli, hakuna idadi ya kupitisha itakayoyarudisha. Zile fimbo za kauri au zenye chembe za almasi hukwangua chuma kidogo, na ya kauri ndiyo inayofaa visu vigumu, kwani fimbo ya chuma yenye mistari inaweza kuvimegua.

Kunoa ni kuondoa chuma, na hiyo ni kazi ya kinoo. Namba ya jiwe huonyesha ulaini wa chembe zake, na jiwe la namba 1000 linatosha kwa kunoa kwa kawaida. La 400 au chini ya hapo ni la kuondoa mapengo, na la 3000 kwenda juu ni la kung'arisha makali. Visu vya Ulaya hunolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, vya Japani karibu 15. Usisumbuke kutafuta kipimia pembe: kwa bapa lenye upana wa sentimita 3, inua mgongo wa kisu sentimita 1 kutoka kwenye jiwe na umeipata 20. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole, ukikipitisha kutoka mgongoni kuelekea nje, kijikingo cha chuma kilichojikunja upande wa pili kwa urefu wote wa makali. Kisipotokea, hujamaliza. Wengi hugeuza kisu mapema, kisha wanalilaumu jiwe.

Kupasha kisu motoni ili kikate vizuri ni kukiharibu. Makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo hupata joto kwanza, na yakipita nyuzi joto 200 hivi chuma cha visu vingi huanza kulainika. Mashine ya kunolea inayoacha rangi ya buluu ukingoni imefanya uharibifu uleule.

Chuma kisichoshika kutu nacho hushika. Mwingereza Harry Brearley alikitengeneza mjini Sheffield mwaka 1913, na siri yake ni metali ya kromi, angalau asilimia 10.5, inayojenga utando mwembamba juu ya chuma. Chumvi huutoboa utando huo. Kisu kilicholala usiku kucha na maji ya nyama kitaamka na vidoa, na mashine ya kuosha vyombo hukiongezea joto, sabuni kali na kugongana na vijiko. Osha kwa mkono, kausha papo hapo.

Vibao vya kioo na mawe ni rahisi kusafisha, na huua makali kwa siku moja. Tumia mbao au plastiki. Ukikusanya vipande, kwangua kwa mgongo wa kisu.

Kisu cha meno kama msumeno kiache kwa mkate. Kwenye nyama kinatafuna nyuzi. Na kama kisu chako kilichonolewa vizuri bado kinatoa vipande vinavyong'ang'ania menoni, angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha geuza pande hilo uzikate kwa kukingama.