Mtoto Mchanga Si Mtu Mzima Aliyepunguziwa Kipimo

Kila tunapotangaza mafunzo ya tiba ya upumuaji kwa watoto hapa Bukavu, hujitokeza mwenzetu, mara nyingi muuguzi hodari wa wagonjwa mahututi, anayeuliza kwa nini apoteze wiki nzima kujifunza kazi anayoifanya kwa watu wazima siku zote, ilhali ingetosha kuonyeshwa namna ya kupunguza kipimo. Juzi nimeulizwa tena, na sasa nimeamua kujibu kwa maandishi, kwa sababu imani hiyo inaumiza watoto. Nchini Marekani na Kanada tiba ya upumuaji ni taaluma kamili; kwetu kazi hiyo imegawanywa kati ya wauguzi, mafundi wa usingizi na wataalamu wa kinezitherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, na kila mmoja huja na mazoea aliyoyapata kwa wagonjwa wakubwa.

Maumbile nitayapitia haraka. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 4 hivi. Ikivimba milimita 1 kuizunguka, hubaki robo tu ya nafasi, na ukinzani wa hewa hupanda mara 16. Kwa kila kilo ya uzito wake anatumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na akiba aliyo nayo mapafuni ni ndogo. Mbavu zake ni laini na zimelala, hivyo diaframu, msuli ulio chini ya mapafu, hubeba karibu kazi yote, nayo huchoka. Mtoto anayeguna kila anapotoa pumzi hasumbuliwi na tumbo, bali anabana koo ili mapafu yasijifunge, na mlio huo wapaswa kumwinua muuguzi kitini hata kabla ya kuangalia mashine.

Mikono nayo inahitaji kufundishwa upya. Pumzi moja ya mtoto wa kilo 3 ni kati ya mililita 12 na 18, wakati mkono uliozoea kubana mfuko wa kumpulizia mtu mzima hewa mapafuni husukuma nusu lita bila kufikiri. Kwa mtoto, mfuko wa saizi yake hubanwa kwa vidole tu, mpaka kifua kinyanyuke kidogo. Kichwa hakilazwi nyuma kama cha mtu mzima; kisogo chake ni kikubwa, kwa hiyo tunakunja kipande cha kitenge, tunakiweka chini ya mabega, na uso unabaki ukitazama dari.

Linalonikera kuliko yote, hata hivyo, ni oksijeni. Kwa mtu mzima, oksimeta, kifaa cha kupima oksijeni katika damu, ikisoma asilimia 99 kila mtu hutulia. Kwa mtoto njiti aliyewekwa kwenye oksijeni, 99 ni onyo, kwa sababu kifaa hakiwezi kutuonyesha ni oksijeni kiasi gani cha ziada kilichomo katika damu, na ziada hiyo huharibu mishipa ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ambayo haijamaliza kukua. Mtoto huyo huyo akisoma 99 huku akipumua hewa ya kawaida, mwacheni, hana tatizo. Tofauti hii hairahisishwi kwa kusema «punguza», na ndiyo inayosahaulika kwanza zamu ya usiku inapoanza. Kengele ya mashine iwekewe mpaka wa juu pia, si wa chini peke yake.

Historia yenyewe ni chungu. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 maelfu ya watoto njiti walipofuka katika nchi zilizokuwa na kuvezi nzuri, yaani masanduku ya kuwatunzia njiti kwa joto, na oksijeni tele. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliinyoshea kidole oksijeni, na majaribio yaliyofuata Marekani yakathibitisha. Hapo madaktari wakaibana mno, na watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Hata utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba njiti ambao oksijeni yao ililengwa kati ya asilimia 85 na 89 waliumia macho kwa uchache, lakini walikufa zaidi kuliko waliolengwa kati ya 91 na 95. Ndiyo maana nafundisha 90 hadi 95, kwa mirija ya puani, nusu lita hadi lita 1 kwa dakika. Nakiri, hata hivyo, kwamba nina shaka: mipaka hiyo haikupimwa kwa ajili ya miji kama yetu, iliyo kando ya Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako hata mtoto mwenye afya njema husoma chini kidogo.

Kwa wenzangu wa kinezitherapia nasema kwa ufupi: acheni kumkamua kifua, ili kutoa makohozi, mtoto mwenye bronkiolaiti, yaani uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni. Tulirithi desturi hiyo kutoka shule ya Kifaransa, na Wafaransa wenyewe, baada ya utafiti wa mwaka 2010 kuonyesha kwamba kukamua kifua hakuharakishi kupona, wameacha kuipendekeza hospitalini.

Imebaki CPAP ya mapovu, mashine inayodumisha shinikizo la hewa puani kwa mrija uliotumbukizwa majini ili mapafu yasijifunge, ambayo kila mtu anaitaka. Konsentrata, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90, na ikiunganishwa moja kwa moja bila kifaa cha kuichanganya na hewa, njiti hupata kile kile tulichokuwa tukimkinga nacho. Tena kuna habari ya Malawi. Katika hospitali moja ya wilaya, watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 wenye nimonia kali na hatari nyingine waliotibiwa kwa CPAP bila daktari kusimamia walikufa asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019. Bangladesh, chini ya usimamizi wa madaktari, CPAP ilikuwa imeokoa watoto. Sina hakika tofauti hiyo yote ni ya mafunzo, kwa kuwa wagonjwa hawakufanana. Lakini kwa sababu yake sikubali wodi ianze kutumia kifaa hicho kabla kila zamu, hasa ya usiku, haijawa na mtu anayeweza kufunua kifua cha mtoto, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kuona pua iliyoanza kuchubuka na tumbo lililojaa hewa, na kujua la kufanya umeme ukikatika.