Kupenda kufanya kazi peke yako si kiburi

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu: anayependa kufanya kazi peke yake ana kiburi, hafai kusimamia wenzake. Chini yake methali ileile, kidole kimoja hakivunji chawa.

Methali ni ya kweli kwa chawa, na kwa gari lililokwama kwenye tope. Kazi ya kufikiri ni jambo jingine. Tangu 1958, majaribio yaliyoanzia Marekani yameonyesha mara nyingi kwamba watu wanne wakiandika mawazo kila mmoja kivyake, kisha orodha zikaunganishwa na yaliyojirudia yakafutwa, hupatikana mawazo mengi kuliko wakikaa pamoja. Kikaoni anasema mmoja, wengine wanasubiri zamu, na anayesubiri husahau alichotaka kusema. Jaribuni wenyewe kwenye chama chenu: karatasi nne, dakika kumi, halafu mhesabu. (Kuchagua wazo lililo bora, hiyo ni kazi nyingine.)

Kinachotuchanganya ni kwamba ukimya tunausoma kama dharau, na kupenda kukaa na watu tunadhani ndiko kuweza kuwasimamia. Fundi cherehani anayefunga mlango akate kitambaa kwa utulivu anaweza kabisa kulea wanagenzi wawili: anawaonyesha pindo, anawaachia mkasi, anarudi kukagua mshono. Na yupo mcheshi wa kila mtu asiyethubutu kumwambia mwenzake kwamba kola imepinda.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Huenda ukamfikia bosi anayepanga nani apandishwe cheo.