Nyumba ya Wageni ya Great Falls na Mfereji Ulioizaa

Kando ya mfereji wa Chesapeake and Ohio, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, kilomita zipatazo 23 kutoka Georgetown, mtaa wa jiji la Washington, ipo nyumba ya wageni ya kale iitwayo Great Falls Tavern. Mfereji ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1828, na nyumba hiyo ilijengwa kwanza iwe makazi ya mlinzi wa lango la maji namba 20, yaani chumba chenye milango ambamo maji hujazwa au kupunguzwa ili kuinua au kushusha vyombo. Hapo mto Potomac huporomoka juu ya miamba, na kwa sababu hiyo wajenzi waliweka malango sita yaliyofuatana ili vyombo viweze kupanda na kushuka kama kwa ngazi. Kila tishari lilikaa ndani ya lango mpaka maji yajae au yapungue, na palipo na kusubiri hapakosi mwenye njaa wala mwenye kutafuta malazi. Basi kufikia 1831 nyumba ya mlinzi ilikuwa imepanuliwa kuwa hoteli, ikipokea pia watu wa Washington waliokuja kutazama maporomoko.

Naieleza historia hii kwa kuwa ndiyo inayopaswa kuongoza uhifadhi. Jengo hili likitengwa na lango lake, na maji yake, na njia waliyopita nyumbu wakivuta matishari ya makaa ya mawe kutoka mji wa Cumberland, litabaki nyumba nzuri isiyoweza kueleza kwa nini ilijengwa pale.

Hatari hiyo ilikaribia sana. Mafuriko ya 1924 yalikomesha usafirishaji, serikali ikaununua mfereji mwaka 1938, kisha ukaja mpango wa kupitisha barabara ya magari humo. Januari 1954 William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu, aliwaalika wahariri wa Washington Post, gazeti lililokuwa limeunga mkono barabara hiyo, watembee naye mfereji mzima, takribani kilomita 297. Mpango ukaachwa, na mwaka 1971 mfereji wote ukatangazwa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Leo nyumba hiyo ni kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi. Potomac haijaacha kufurika: ilifanya hivyo mwaka 1972, na mara mbili mwaka 1996. Kwa maoni yangu, fedha za ukarabati zianze kwenye kuta za mawe za malango na kingo za mfereji, ingawa rangi mpya ya hoteli ndiyo huonekana haraka, kwa sababu ukingo ukibomoka maji hutoweka mbele ya nyumba hata kama paa lake ni zima.