Je, wajua kwa nini tunaambiwa karoti humfanya mtu aone gizani?

Utotoni niliambiwa nile karoti ili nione vizuri usiku, nikala na nikaamini. Ukubwani nikasoma kwamba habari hiyo ilitungwa na serikali ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kuwaficha Wajerumani siri ya rada, chombo kinachotumia mawimbi ya redio kujua ndege ilipo hata gizani. Nikaliamini hilo nalo, nikawa nawasimulia watu. Kumbe nilikosea mara mbili, na kosa la pili ndilo lililonisumbua zaidi, maana linagusa swali la kale: je, serikali inaruhusiwa kuwadanganya raia kwa faida yao wenyewe? Mwanafalsafa Plato wa Ugiriki ya kale aliwaruhusu watawala wa mji wake wa kufikirika. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikataa uongo wa kila namna, hata ule wa kumwokoa rafiki. Tuwaache hao, tuitazame karoti.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba 1940, rubani wa Uingereza John Cunningham aliidungua ndege ya Ujerumani gizani. Ndege yake, Beaufighter, ilibeba rada, na mwenzake aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa akiisoma na kumwelekeza. Rada ya kubebwa na ndege ilikuwa siri kubwa. Basi magazeti yakampachika Cunningham jina la Macho ya Paka, na umma ukaambiwa kwamba marubani wa usiku wana macho makali kupita kiasi, huku karoti zikisifiwa.

Wakati huohuo Wizara ya Chakula, chini ya Lord Woolton, ilikuwa na shida yake. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizoleta chakula, sukari na nyama vilitolewa kwa mgawo, lakini karoti zilistawi kwao na hazikuwa na mgawo. Wizara ikachora kikaragosi cha Daktari Karoti, ikabandika mabango yaliyosema kwamba karoti humsaidia mtu kuona katika giza la vita. Giza hilo lilikuwa amri: tangu Septemba 1939 taa zote za nje zilizimwa usiku ili ndege za adui zisipate shabaha.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani jambo lote ni la kubuni, kumbe madaktari walikwisha kujua kabla ya vita kwamba mtu aliyepungukiwa vitamini A hushindwa kuona usiku. Mwaka 1933 mwanasayansi George Wald alikuwa ameikuta vitamini hiyo ndani ya retina, ukuta wa nyuma wa jicho.

Fikiria ghala lenye mitego ya panya. Kila mtego ukifyatuka, kengele inalia na mwenye ghala anajua panya amepita. Ndani ya jicho, mitego hiyo ni kemikali iitwayo rodopsini, na panya ni mwanga. Mtego uliofyatuka haunasi tena mpaka utegwe upya kwa chambo, na chambo chenyewe hutokana na vitamini A. Ndiyo maana ukitoka juani na kuingia chumba chenye giza huoni kitu mwanzoni: mwanga mkali umefyatua mitego karibu yote, na kuitega upya huchukua zaidi ya dakika 20. Mchana panya ni wengi, hata mitego michache itanasa. Usiku hupita mmojammoja, kwa hiyo asiye na chambo cha kutosha hujikwaa mara tu jua linapozama.

Sasa mletee mwenye ghala gunia zima la chambo wakati mitego yake yote imekwisha kutegwa. Hatapata mtego hata mmoja zaidi. Ini huhifadhi akiba ya vitamini A ya miezi kadhaa, na rubani aliyelishwa vizuri hakuongezewa uwezo wowote na karoti ya ziada. Huku kwetu mtoto anaweza kweli kuwa amepungukiwa, ndiyo sababu Tanzania na Kenya watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.

Basi serikali ilichukua ukweli ikauvuta. Je, ilimdanganya adui? Ushahidi ni mwembamba mno. Wajerumani walikuwa na rada zao, Freya na Würzburg, na ni vigumu kuamini kwamba wahandisi wao waliridhika na habari ya karoti. Walioamini kweli ni raia wa Uingereza.

Kwa maoni yangu, kuificha rada kulikuwa halali. Watu walikuwa wakiuawa kwa mabomu kila usiku, na siri hiyo ilikuwa na mwisho: kufikia mwaka 1945 rada ilikuwa imetangazwa hadharani. Bango la karoti silitetei. Kunyamaza humwacha raia na akili yake, ila kumwambia kwamba mboga itamwonyesha njia ni kumpa tegemeo lisilokuwapo, tena katika barabara zisizo na taa ambako watu waligongwa na kufa kwa wingi kuliko kabla ya vita. Wizara ingeweza kusema karoti ni chakula kizuri, zipo tele, na zina utamu wa kufidia sukari. Yote hayo yalikuwa kweli.

Na uongo wa aina hii hauna siku ya kufutwa. Vita vilikwisha, mabango yakabanduliwa, maneno yakavuka bahari hadi meza tuliyokuwa tukilia chakula nyumbani. Cunningham aliishi mpaka mwaka 2002, na jina la Macho ya Paka halikumbanduka.