Mrabaha wa wimbo: maana yake kwa mtunzi anayeanza

Huku Kanda ya Ziwa neno mrabaha tunalisikia zaidi kwenye dhahabu. Mgodi ukiuza mzigo Geita, serikali inachukua sehemu ya thamani yake kwa niaba ya wananchi wenye mali. Mwaka 2017 sehemu hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Kwenye muziki maana haiko mbali. Mrabaha ni malipo ya mwenye wimbo kila wimbo wake unapotumiwa na mtu mwingine. Tofauti ni kwamba dhahabu ikishachimbwa imekwisha, ila wimbo unapigwa redioni leo, kesho uko kwenye baa Kirumba, Mwanza, mwakani kwenye tangazo la biashara, na bado ni ule ule.

Mrabaha si ujira. Hela ya shoo ni ujira. Hela anayokupa msanii umwandikie wimbo nayo ni ujira, na kupokea ujira si sawa na kuuza haki yenyewe kwa maandishi. Hili nililijua kwa hasara. Niliwahi kumwandikia msanii mmoja wimbo, maneno yangu, tuni yangu, akanipa shilingi elfu hamsini nikashukuru sana. Miezi ikapita. Siku moja nimekaa siti ya nyuma kwenye daladala ya Igoma, redio ikaanza kupiga kiitikio changu, na mama mmoja mbele yangu, kabeba ndoo ya dagaa mapajani, akawa anakifuatisha neno kwa neno. Nilifurahi mpaka nikapitiliza kituo. Nilipoanza kuulizia ndipo nikakuta jina langu halimo popote. Mtunzi kaandikwa yule msanii.

Kosa langu lilikuwa kutojua kwamba ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na tuni. Ya pili ni rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani, na hiyo mara nyingi inashikwa na aliyegharamia kurekodi. Kwaya tano zikirekodi wimbo wako, rekodi ni tano, utunzi ni mmoja na ni wako. Kila mali ina mrabaha wake. Vijana wengi wanaopandisha nyimbo kwenye mitandao ya kusikiliza muziki wanapata vijisenti vya rekodi, wakidhani ndiyo yote, kumbe upande wa utunzi hakuna aliyejiandikisha kuudai.

Utajuaje utunzi wako uko wapi? Ondoa biti, yaani mdundo uliotengenezwa studio. Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, imba kiitikio taratibu bila simu wala ngoma. Kikisimama chenyewe, una utunzi. Kikianguka, ulichokuwa unakipenda ni biti ya prodyuza, rudi kwenye daftari. Na ukiwa unaimba hivyo, sikiliza mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho; tuni ikikulazimisha ukaze ya mwisho, neno linapinda na msikilizaji analikwepa hata asipojua kwa nini. Mara nyingi dawa si kubadili tuni. Tafuta neno jingine lenye mizani ile ile, yaani idadi ile ile ya silabi. Mimi kazi hii inanichukua muda kuliko kuandika wimbo wenyewe, na sioni njia ya mkato.

Sasa mgawanyo, maana hapa ndipo urafiki unapovunjika. Wavuvi wa ziwa hili hawaingii majini bila kujua nani anapata nini: mafuta yanatolewa kwanza, kisha tajiri mwenye mtumbwi na sehemu yake, na wavuvi na yao. Studio tunafanya kinyume, tunaanza kugombana wimbo ukishashika. Aliyetengeneza biti mpya kwa ajili ya wimbo ana sehemu kwenye utunzi, kwa sababu muziki nao ni utunzi. Rafiki aliyekupa beti la pili ana sehemu. Aliyewaletea maji na kusema "hiyo kali" hana. Asilimia mnapatana wenyewe. Mkisema wewe 60, prodyuza 25, wa beti la pili 15, basi kila shilingi 100,000 ya mrabaha wa utunzi inakuletea 60,000. Biti ya bure ya mtandaoni ni habari nyingine: soma masharti yake kabla hujaimba, kwa kuwa nyingi ni za bure kwa mazoezi tu.

Kisheria, wimbo unalindwa tangu unapotungwa, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wazo halilindwi. Ukimsimulia mtu kwamba unataka kutunga kuhusu mke wa mvuvi anayengoja mtumbwi Mwaloni, naye akatunga kwa maneno yake, huna cha kudai. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakukupi haki ambayo hukuwa nayo, kunakupa ushahidi, na siku ya ugomvi ushahidi ndio unaotafutwa.

Malenga wa zamani walikuwa na njia yao: mara nyingi beti la mwisho linataja jina la mtunzi, kwa hiyo anayeghani shairi anamtaja mwenye shairi apende asipende. Yetu ni karatasi. Juzi nilikaa na kijana aliyevuka kutoka Nansio kuja kurekodi Mabatini, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Kabla hajavaa hedifoni alichana ukurasa wa katikati ya daftari, akaandika jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya watatu waliotunga, kazi ya kila mmoja na asilimia zake, na chini yake mstari mmoja kuhusu rekodi ni ya nani. Prodyuza alisoma mara mbili, akaomba asilimia 5 zaidi, wakajadili, wakafuta, wakaandika upya. Wakasaini. Kisha kila mmoja akaipiga picha kwa simu yake, na kijana akaingia kuimba.